Ua la Kizingiti cha Juu

Mwaka sabini na mbili, nikiwa na miaka minane, ndipo dhiki ilipoanza. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa kawaida wa Ng'ambo, Unguja, baba akifanya kazi bandarini na mama akishona kofia. Baada ya hapo tukawa watu wa kupewa. Nalisema mapema ili msomaji asikae akisubiri: baba alizama. Mimi, mama na Mjomba, kaka yake mama, tulitangulia kutorokea Mombasa kwa chombo kimoja. Baba aliambiwa asubiri kingine, na hicho kingine hakikufika. Mama aliletewa habari akiwa anachambua mchele. Akauliza, "Wote?" Akaambiwa wote. Akamaliza kuchambua mchele.

Sikulia. Watu hupenda kusikia kwamba mtoto alilia, mpaka leo wajukuu zangu huniuliza, nami huwaambia kwamba sikulia, nilikula ule mchele.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya kijana mmoja aliyekuja hapa Ibra, Oman, mwezi uliopita. Ni mtu wa Maskati, ananunua milango ya zamani na kuwauzia wenye mahoteli. Alisikia kwamba nyumba ya mama yangu ina kizingiti cha juu kilichochongwa kwa mkono wa Kizanzibari, akaja na gari lake, akapanda ngazi, akakitazama kwa taa ya simu.

"Bibi, kizingiti hii nzuri sana," akasema. Kiswahili cha watoto wetu waliozaliwa huku ndivyo kilivyo, kila kitu kwao ni 'hii', namsamehe. "Lakini ua hii ya kati iko na kasoro. Maua ya pembeni iko juu, hii peke yake imeingia ndani kama bakuli. Fundi alikosea?"

"Fundi hakukosea."

"Sasa kwa nini iko na shimo?"

"Umekuja kununua au kuhoji?"

"Vyote viwili, bibi," akacheka, na huku anacheka akakwangua ndani ya ua kwa ufunguo wa gari. Likatoka vumbi jeusi, na nyuma ya vumbi ikatoka harufu. Ubao wa msaji wa zamani una harufu ya ngozi iliyopakwa mafuta. Huu ulikuwa na kitu zaidi, mafuta ya zeituni yaliyolala miaka hamsini. Nilimwambia ashuke. Alidhani nimekasirika, akaomba radhi mpaka mlangoni. Sikuwa nimekasirika. Nilikaa barazani nikaangalia mikono yangu.

Wenzangu mliokuja miaka ile mnajua tulivyofika. Tulipitia Dubai, tukashuka bandari ya Matrah, kisha tukapakiwa kwenye lori lililopita mabondeni siku nzima mpaka Ibra, na mchanga mdomoni. Tulipewa chumba kwa jamaa wa upande wa baba, kando ya ghala la tende. Walikuwa watu wema. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa adabu. Watoto wao na watoto wa mtaa ndio waliokuwa na kazi na mimi. Sikujua Kiarabu cha kusema, nilijua cha kusomea Kurani tu. Wakisimama mlangoni na kuniamrisha nihesabu mpaka kumi. Sita naijua, saba naijua, hizo ni zetu pia. Nikifika nane nasema "nane", na hapo ndipo walipokaa chini kwa kicheko. "Zinjibariya, rudia!" Nikirudia. Kwa nini nilirudia sijui. Hawakunipiga, na mimi sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mama alipika vitumbua, akawauzia wanawake wa mtaa. Aliamka, akasaga mchele, akapika, akaswali, akalala. Maneno yake yalikuwa machache kama pesa za mtu maskini, na hakuyatumia kwa mambo ya nyuma.

Picha za baba hatukuwa nazo hata moja. Zilikuwa kwenye sanduku lake, na sanduku alikuwa nalo yeye. Mwanzo sikuzihitaji, maana nilikuwa nikifumba macho namwona. Kisha uso ukaanza kupungua. Ilikwenda pua kwanza. Siku moja nilifumba macho nikaona macho na mdomo, katikati pametulia kama ukuta. Baadaye ukaenda mdomo. Nikamfuata mama jikoni.

"Mama, baba alikuwaje?"

"Alikuwa kama watu."

"Watu gani?"

"Kaniletee maji."

Nilileta maji. Kitu nilichokitaka duniani wakati ule, msinitafutie kingine, kilikuwa ni uso wa baba. Nilijua unaondoka na kwamba hakuna wa kuuzuia.

Mjomba alikuwa mchonga milango, mtoto wa mchonga milango. Unguja alichonga milango ya watu wenye majumba. Alipofika Ibra akakuta watu wanang'oa milango ya mbao na kutia ya chuma, rangi ya kijani, na wanapongezana. Basi akaandikwa kazi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Kazi yake ikawa kupigilia mbao za kumwagia zege. Mkono ule uliokuwa ukitoa jani la mti likaonekana linatikisika, sasa unapiga misumari kwenye mbao za kutupwa. Yeye hakulalamika. Alikuja nyumbani kila Alhamisi jioni, Ijumaa jioni akirudi kambini.

Alhamisi moja alikuja na kitu kipana kimefungwa kwenye gunia. Akakiingiza ghalani, akakiegemeza nyuma ya mitungi ya asali ya tende, akakifunika khanga.

"Nini hicho, Mjomba?"

"Kazi ya watu. Usiguse."

"Kazi gani?"

"Ya watu, nimekwambia. Kichwa chako kina masikio au mapambo?"

Aliporudi kambini nilisubiri mama alale mchana, nikaingia ghalani, nikafunua khanga.

Alikuwa mwanamume. Alitokeza kwenye ubao kuanzia kifua kwenda juu, kama mtu anayechungulia dirishani. Macho makubwa, paji la uso pana, ndevu nyingi zenye mawimbi. Mkononi ameshika mkuki wa ncha tatu, namna ile wavuvi wanayochomea pweza kwetu, na chini yake bahari, mawimbi yamepangwa moja juu ya jingine mpaka kifuani mwake. Ubao ulikuwa umepakwa mafuta, unang'aa na kunukia. Nilisimama pale mitungi inavuja mguuni mwangu, nikaelewa mambo yote kwa mara moja, kama watoto wanavyoelewa.

Mjomba ni mchongaji. Baba alikuwa shemeji yake na rafiki yake. Baba yumo baharini. Basi Mjomba amemchonga, na amemficha ili mama asimwone akaumia. Sasa niambieni, mtoto wa miaka minane, aliyekimbiwa na uso wa babake, angeelewa nini kingine? Nilimtazama mpaka pale palipokuwa ukuta pakajaa. Pua ikarudi, mdomo ukarudi. Ndevu sikuzikumbuka, lakini nilijiambia kwamba baharini hakuna kinyozi.

"Shikamoo baba," nikasema.

Hakuitikia. Sikumlaumu, hata mama alikuwa haitikii siku nyingine.

Tangu siku ile nikawa namwamkia kila mchana. Nilimpa habari za vitumbua, za watoto wa mlangoni, za namba nane kwa Kiarabu niliyokwishaishika. Nilimweleza kwamba Mjomba anamtunza. Sikuwa na furaha, nisidanganye, lakini nilikuwa na shughuli.

Ijumaa baada ya sala Mjomba alikaa ukumbini akauchonga ule ubao pembezoni. Uso aliufunika khanga, akaacha wazi ukingo tu, na kwenye ukingo akatoa mnyororo, pete ndani ya pete, kama ilivyo milango ya kwetu. Upande mmoja ulimchukua Ijumaa nne. Nilikaa karibu nikimpepea nzi.

"Mnyororo wa nini, Mjomba?"

"Wa kulinda. Aliyemo asitoke, asiyekuwemo asiingie."

Alijibu huku anapuliza vumbi, wala hakunitazama. Nilihesabu pande: mmoja umekwisha, wa pili umefika kati. Akimaliza pande nne, baba hatatoka tena.

Kuanzia hapo sikumpa baba habari. Nilimhimiza. "Baba, toka kabla hajamaliza." Upande wa pili ukaisha, ukaisha wa tatu. Ulipobaki wa nne, nilichukua patasi ya Mjomba nikaitumbukiza ndani ya mtungi wa asali.

Ijumaa ile nyumba iligeuzwa juu chini. Mjomba alimuuliza mama, mama akasema yeye anapika vitumbua, patasi ya nini? Mjomba akauliza wenye nyumba, akaona haya, akaacha. Mwisho akasema, "Basi nitamalizia kambini, kule zipo patasi," akautia ubao kwenye gunia, akautoa mpaka kwenye gari la kambi.

Nililishika lile gunia. Sikupiga kelele, nililishika tu, nikaning'inia. Dereva akacheka. Mjomba akanibandua vidole kimoja kimoja, na kila akibandua cha mwisho nilikuwa nimekwishashika kwa cha kwanza.

"Huyu mtoto ana nini?" akamuuliza mama.

Mama akanifuta vumbi usoni. "Nenda naye. Labda anataka kuona magari. Mrudishe kesho."

Nikapakiwa pamoja na gunia.

Kambi ilikuwa vibanda vya mabati na mapipa, na kelele za mitambo hazikuwepo maana ilikuwa siku ya mapumziko. Mjomba akanipeleka kwenye banda la useremala, mwisho kabisa. Akaweka ubao juu ya meza, akaondoa gunia, akatoka kwenda kuchota maji ya kunywa. Mimi nikabaki na baba mwangani kwa mara ya kwanza. Nikaweka mikono nyuma, kama tulivyofunzwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Nikageuka. Kwenye kona, juu ya kisanduku, alikaa Mzungu mwembamba, masikio yameungua jua, ndevu hana, na magotini ana ubao na mkononi patasi. Mzungu anayeitikia shikamoo Uarabuni ilikuwa ajabu kubwa, lakini mimi niliudhika tu.

"Sikukwambia wewe," nikamwambia. "Namwamkia baba."

"Baba yupi?"

Nikamwonesha kwa kidevu. Na nilipoinua kidevu nikaona rafu ya ukutani. Zilipangwa mbao pale tangu mwanzo wa ukuta mpaka mwisho. Mwanamume ameshika radi. Mwanamke amevaa kofia ya chuma, begani ana bundi. Kijana mwenye mbawa miguuni. Na katikati yao wawili zaidi, uso ule ule, ndevu zile zile, mkuki wa ncha tatu. Baba zangu walikuwa watatu.

Mjomba alirudi na kopo la maji. Mzungu akamwambia kwa Kiswahili safi, chenye lafudhi ya bara, "Fundi, mtoto anasema huyu ni babake."

"Nani?"

"Huyu. Amempa shikamoo."

Mjomba aliweka kopo chini. "Wewe," akaniambia, "umemwamkia huyu?"

"Kila siku."

"Kila siku! Tangu lini?"

"Tangu ulipomleta."

"Astaghfirullah," akasema, akakaa juu ya rundo la mbao.

Yule alikuwa Mgiriki. Wazee wake walikuwa na shamba la mkonge huko Korogwe, alizaliwa kule, na Kiswahili ndicho alichochezea utotoni. Shamba likachukuliwa na serikali, akaenda kwao Ugiriki akajiona mgeni, akaishia kujenga barabara Oman. Yeye na Mjomba walikutana jangwani, kila mmoja anatafuta mtu wa kusema naye. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Mjomba alikuwa akimwambia, "Kiswahili chako kina miba ya mkonge," na Mgiriki akimjibu, "Na chako kina karafuu nyingi, kinanipa chafya."

Kila Ijumaa alichonga miungu ya watu wa kwao wa kale. Hakuuza hata ubao mmoja. Mkubwa wa kambi alitaka kununua yule mwenye radi akakataliwa. Kabla ya kuanza alinawa mikono mpaka viwikoni, na Mjomba akimtania, "Umebakisha kichwa na miguu, bwana." Alimwaga funda la kwanza la kahawa mchangani, fungu la miungu. Akifika kwenye uso wa mungu hasemi na mtu. Wagiriki wenziwe pale kambini, watu wa kanisa, walimcheka. Nyuso alizijua, kingo hakuzijua, ndipo akamwomba Mjomba amtilie kingo, na malipo yakawa patasi nzuri, moja kwa kila ubao. Mjomba alikuwa mtu wa swala tano. Alikuwa amejipa fatwa mwenyewe: "Mimi nachonga mlango. Anayekaa ndani hanihusu." Yule wa bundi tu ndiye aliyemkataa. "Huyo ndege simchongei hata uzi."

Siku ile hakuna aliyetania. Mgiriki alifuta mikono, akachuchumaa mbele yangu.

"Mtoto, huyu si babako. Huyu anaitwa Poseidoni. Watu wetu wa zamani walisema ndiye mwenye bahari."

"Bahari yote?"

"Walisema hivyo."

"Hata ya Unguja?"

Akamtazama Mjomba. Mjomba alikuwa anatazama chini.

"Bahari ni moja," akasema Mgiriki.

"Basi ndiye aliyemzamisha baba."

Naikumbuka sauti yangu, haikuwa na kitu ndani. Nilikuwa nikijumlisha tu. Miezi minne nimemwamkia, nimemhadithia habari zetu, nimemwomba atoke.

"Bahari ni ya Mwenyezi Mungu," akasema Mjomba kwa ukali, "na babako amechukuliwa na Mwenyezi Mungu, na huyo ni ubao. Umesikia? Ubao." Kisha akamgeukia mwenzake, ukali umekwisha. "Kosa langu. Nimeuweka nyumbani mwa yatima."

"Hukuniambia kwamba babake alizama," akasema Mgiriki.

"Hukuuliza. Na mimi ningekwambia, ungefanya nini?"

Mimi nikamuuliza Mgiriki, "Unamwomba nini?"

"Nani, mimi? Simwombi kitu. Namchonga. Shamba letu lilipokwenda, mama yangu alikimbilia kanisani. Mimi nikarudi kwa hawa wazee. Hawajanisaidia hata siku moja, lakini uso mmoja una kazi ya miezi, na miezi hiyo nakuwa kimya." Akasimama, magoti yakalia. "Ubao ni wa mtoto. Nimempa."

"Kwangu hauingii tena na uso," akasema Mjomba.

"Basi utoe uso."

Mtu asiyechonga hawezi kujua uzito wa aliyoyasema pale. Alikwenda mezani, akaupitishia uso ule kidole gumba mara moja, kuanzia kwenye paji kushuka puani. Akamimina kahawa kutoka kwenye birika akaimwaga chini, akarudi kisandukuni kwake akatugeuzia mgongo.

"Usifanyie hapa, fundi," akasema.

Kesho yake Mjomba aliomba ruhusa kazini, tukarudi Ibra na gunia letu. Mjomba hakuingia ndani. Aliulaza ubao uani juani, akaniweka mbele yake, akanitia mkononi patasi na nyundo ya mti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika patasi kwa kazi yake.

"Wewe ndiye uliyemwamkia, wewe ndiye utakayemtoa. Ukikata kichwa, kilichobaki ni kama mti, na mti hauna neno. Sema bismillahi. Shika hivi. Usiusukume mti, mpige patasi kichwani, yeye mwenyewe atajua pa kupita."

Nilianza na pua. Iliruka kipande kimoja, ikaenda chini ya banda la kuku. Kisha midomo. Macho yalikuwa magumu, mti ulikuwa na fundo pale, Mjomba akanigeuzia patasi nikaingia kwa upande. Nilijua huyu ndiye aliyemzamisha baba. Nilijua pia kwamba uso mwengine sina, na kwamba nikimaliza huu sitabaki na wowote. Nilijua yote mawili, na mkono ukaendelea kupiga. Ndevu zilitoka kwa urefu, kama maganda ya muwa. Uso ulipokwisha niliendelea, mti ukawa mweupe, nikaendelea.

"Basi," akasema Mjomba. "Inatosha. Basi, mama. Utatoboa."

Alinishika kifundo cha mkono, ndipo nikaona nimechimba bakuli.

Ndilo lile shimo aliloliona kijana wa Maskati. Mjomba hakuweza kulijaza. Alitoa ua ndani yake, majani kumi na sita, chini kabisa kwenye bakuli, na pembeni akatoa maua mengine yaliyoinuka. Mkono aliugeuza shina, mkuki wa ncha tatu akautilia makuti ukawa mtende. Mawimbi aliyaacha, maana mawimbi yapo kwenye milango yetu tangu zamani. Upande wa nne wa mnyororo aliumaliza kwa patasi niliyoitoa mtungini inanata asali, wala hakunigombeza.

Mama alitoka jikoni, mikono ina unga wa mchele, akasimama juu yetu. Mjomba akamweleza yote, polepole, bila kujitetea. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akanigeukia.

"Alikuwaje, huyo uliyemwona?"

"Alikuwa na macho makubwa. Na ndevu nyingi."

"Ndevu?" Mama akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama cha mtu aliyejikwaa, na ndicho cha kwanza tangu Mombasa. "Babako hakuwa na ndevu. Zilikuwa hazimuoti hata akizibembeleza."

Nikasubiri aendelee. Nilidhani sasa mlango umefunguka, atataja macho, atataja pua. Jikoni kikanukia kitumbua kinachoungua. Mama akakimbilia karai lake, akakitupa kilichoungua, akatia kingine. Hakuongeza neno siku ile, na mimi sikumfuata. Miaka arubaini na tatu tuliishi pamoja baada ya hapo, na sikumuuliza tena. Mwaweza kuniambia nilikuwa mpumbavu. Nakubali.

Mgiriki aliondoka barabara ilipokwisha. Mjomba alipata habari kwamba amehamia kambi nyingine mbali kusini, kisha habari zikakatika. Mjomba akauweka ule ubao juu ya mlango wa nyumba tuliyojenga wenyewe, kizingiti cha juu, na kila Ijumaa akawa ananifundisha kuchonga. Skuli nilikwenda miaka miwili nikaacha. Najua kusoma Kurani, najua kuandika kwa herufi kubwa kama hivi, najua vipimo. Nilichonga vibao vya kuwekea Msahafu, nikaviuza Jumatano kwenye soko la wanawake pale pale Ibra, mtoto mgongoni. Waliniambia mwanamke hachongi. Baadhi yao leo masanduku ya harusi ya binti zao yametoka mkononi mwangu, na nawauzia bei ile ile ninayomuuzia kila mtu.

Nikifumba macho leo nimtafute baba, anakuja yule mwenye ndevu. Najua si yeye. Najua kwamba alitoka kwenye kichwa cha Mgiriki wa Korogwe na kwamba nilimkata mwenyewe kwa mkono wangu. Anakuja hivyo hivyo, na nyuma yake hakuna mtu. Siumii. Ni kama kubonyeza mahali palipotiwa ganzi, unajua kidole kipo.

Yule kijana amepiga simu mara tatu. Mara ya mwisho alisema, "Bibi, sema wewe unataka nini." Nikamwambia nina kila kitu. Basi na nivitaje.

Nina nyumba mbili, hii ya zamani na mpya ya karibu na barabara kuu. Nina karakana yenye mashine nne na mafundi watatu, wanaume watupu, wananiita Mama. Nina mitende kumi na saba Manah, na zamu yangu ya maji ya falaji, mfereji wa kijiji. Nina gari ambalo mwanangu huliendesha vibaya. Nina patasi tisa za Mjomba, na katika hizo tatu ni za Mgiriki. Nina karai la mama. Nina watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja, na meno yangu karibu yote. Nina kizingiti kimoja cha msaji, hakiuzwi.

Picha ya baba sina.